Kinu Kilichokaliwa na Watu: Hotuba juu ya Kinu cha Upepo cha Cley

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, asanteni kwa kuja. Nimepewa nafasi nizungumze juu ya jengo moja la kale katika mkoa huu wa Norfolk, Uingereza, tunaoishi, nami nimechagua kinu cha upepo cha Cley, kilichosaga nafaka kwa nguvu ya upepo. Wengi wenu mmekiona hata kama hamkukijua jina. Ukifuata barabara ya pwani ya Norfolk Kaskazini, ukishapita Blakeney, mbele yako unatokea mnara wa matofali umesimama ukingoni mwa uwanda mkubwa wa matete. Juu una kofia ya mbao na mapanga manne, yaani mbawa ndefu zinazozungushwa na upepo. Nyuma yake hakuna jengo lingine, ni majani, maji na mbingu.

Ninalotaka kusema usiku huu ni jambo moja, na nalitanguliza ili mnipime nalo. Kinu kile kipo leo kwa sababu watu walikubali kulala ndani yake. Wapo wapenzi wa vinu wasiopenda kusikia hivyo. Wao wanaona kinu kilichogeuzwa nyumba ni kinu kilichouawa, kikabakizwa ngozi tu. Nawaelewa, na nitawapa haki yao mbele kidogo.

Tuanze na mahali. Kijiji kinaitwa Cley next the Sea, nacho zamani kilikuwa bandari. Mto Glaven ulipoingia baharini, vyombo vilipanda hadi gatini, vikapakia nafaka na kushusha shehena zao. Kisha matajiri wa ardhi wakajenga matuta ili wapate malisho kwenye mabwawa ya chumvi, mkondo ukapoteza nguvu ya kujisafisha, tope likajaa, na bandari ikafa polepole. Kinu kiko pale pale penye gati la zamani. Aliyekijenga alijua anachofanya. Upepo wa bahari unafika bila kizuizi, nafaka ya mashamba ya nyuma inakuja kwa mikokoteni, na maji yapo mlangoni kwa kusafirisha.

Kuna wanaosema kinu hiki ni cha karne ya 18. Lakini ramani ya Norfolk aliyoichapisha William Faden mwaka 1797 haikioneshi, na mwaka 1819 gazeti la Norfolk Chronicle lilitoa tangazo la kukiuza. Mimi nafuata ramani na gazeti: ni jengo la mwanzo wa karne ya 19. Ukoo wa Farthing ulikuwa nacho mpaka mwaka 1875, kisha kikashikwa na ukoo wa Burroughes, nao wakasaga mpaka mwaka 1912.

Sasa naomba mnivumilie nieleze kilivyofanya kazi, maana bila hilo hamtajua ni nini kilichopotea kilipogeuzwa nyumba.

Mnara wa kinu una ghorofa tano. Nafaka haikuanzia chini. Magunia yalivutwa kwa mnyororo hadi juu, kwa nguvu ya upepo ule ule, yakapita kwenye milango ya sakafuni iliyojifungua gunia lilipoisukuma na kujifunga lilipokwisha kupita. Yalimwagwa kwenye mapipa ya juu, nafaka ikashuka kwa mteremko hadi ghorofa ya mawe. Hapo palikuwa na mawe mawili mawili: la chini halitikisiki, la juu linazunguka. Jiwe moja la namna hiyo lina upana wa zaidi ya mita moja na uzito wa tani nzima au karibu yake. Mawe bora ya ngano yaliletwa kutoka Ufaransa, kutoka La Ferté-sous-Jouarre. Hayakuwa jiwe zima. Yalikuwa vipande vilivyounganishwa na kufungwa kwa mkanda wa chuma. Unga ulitoka pembeni mwa mawe ukiwa na joto, ukashuka ghorofa ya chini yake kuingia guniani. Kila aliyewahi kusimama na debe lake kwenye mashine ya kusaga mtaani kwetu, akatia mkono kwenye unga uliotoka sasa hivi, analijua joto hilo.

Nguvu ilitoka juu kabisa. Mapanga yalizungusha mhimili mkubwa uliolala ndani ya kofia. Kwenye mhimili huo palikuwa na gurudumu la meno, refu kuliko mtu, ambalo ndilo pia lililofungwa breki. Gurudumu hilo lilishikana na dogo lililokaa kwenye nguzo ya wima, na nguzo hiyo ikateremka katikati ya mnara mpaka kwenye mawe. Mafundi walipenda meno ya mti yakutane na meno ya chuma. Sauti inakuwa ndogo, na jino likivunjika, linavunjika lile la mti ambalo fundi anaweza kulichonga mwenyewe siku hiyo hiyo.

Na kofia lazima igeuke kufuata upepo. Zamani watu waliigeuza kwa mikono. Mwaka 1745 fundi mmoja wa Kiingereza, Edmund Lee, alipata hati ya uvumbuzi wa pangaboi dogo linalofungwa nyuma ya kofia. Upepo ukihama, pangaboi hilo linaupokea ubavuni, linaanza kuzunguka, nalo linaivuta kofia taratibu mpaka mapanga makubwa yauelekee upepo tena. Halafu mwaka 1807 mtu wa Norfolk hii hii, William Cubitt, mzaliwa wa Dilham, akavumbua mapanga yenye vibao vidogo vinavyofunguka na kujifunga vyote kwa pamoja kwa mnyororo mmoja, bila kusimamisha kinu. Kabla yake, msagaji alilazimika kusimamisha panga moja moja na kupanda kutandaza au kukunja turubai, hata usiku wa baridi na dhoruba ikija. Cubitt aliwaondolea wasagaji adha hiyo, na nadhani anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa.

Basi kwa nini kazi hiyo yote ikafa? Upepo haukupungua. Kuanzia miaka ya 1880 viwanda vya Uingereza viliacha mawe vikatumia rola za chuma, zinazoendeshwa kwa mvuke, zilizojengwa kwenye bandari kubwa. Ngano ngumu kutoka Amerika Kaskazini iliingia kwa meli, ikasagwa hapo hapo, unga mweupe ukapandishwa treni. Msagaji wa kijijini akabaki na chakula cha mifugo. Kinu kinachosaga shayiri ya nguruwe hakiwezi kulipia mapanga mapya. Panga likivunjika ndiyo basi. Burroughes walipoondoka mwaka 1912 wakahamishia shughuli kwenye kinu chao cha mji jirani wa Holt, na kinu kikakaa kitupu.

Miaka 9 mnara ulisimama hivyo. Mwaka 1921 bibi mmoja, Sarah Maria Wilson, alikinunua kwa pauni 350, akamwita msanifu majengo Cecil Upcher akigeuze kiwe nyumba ya mapumziko. Hapo ndipo historia ya pili ya Cley inaanzia, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Watu hudhani kugeuza kinu kuwa nyumba ni kupaka rangi na kuingiza kitanda. Kaeni mfikirie kidogo. Ukuta ni duara, na kabati lako lina mgongo ulionyooka. Chumba cha chini ni kipana, cha juu yake kimepungua, cha juu zaidi kimepungua tena, kwa kuwa mnara unachongoka. Ngazi zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyezizoea, wala si kwa mgeni mwenye sanduku. Madirisha ni madogo. Katikati ya kila ghorofa palipita nguzo ya wima na magurudumu yake. Ukivihifadhi vyote, hakuna pa kuweka meza. Ukivitoa vyote, umebaki na bomba la matofali.

Adui mkubwa wa nyumba ya namna hii ni unyevu, na sababu yake ni ule umbo ulioupa mnara uzuri wake. Ukuta wa nyumba ya kawaida umesimama wima na paa limetokeza nje, basi maji ya mvua yanadondoka mbali nao. Ukuta wa kinu umeinama kuelekea ndani, na kofia haiufuniki. Mvua ikiupiga upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, maji yanatambaa juu ya matofali kutoka juu hadi chini, na kila ufa ni mlango. Wasagaji hawakujali sana, maana unga haukai siku nyingi na upepo ulipita ndani muda wote. Mwenye kitanda na zulia anajali. Wengi walioishi vinuni walijaribu kuziba ukuta kwa saruji, na saruji ikafungia maji ndani badala ya kuyazuia nje. Matofali ya kale yanataka chokaa, yapumue. Mafundi wa kwetu wa pwani hawana haja ya kufundishwa hilo.

La pili ni kofia. Kinu kinachofanya kazi kinaangaliwa kila siku. Kinu cha kukaliwa, mara nyingi kofia hufungwa isigeuke, na mapanga yanabaki yameelekea upande mmoja mwaka mzima. Siku upepo mkali ukija kutoka kisogoni, unayasukuma mapanga mbele kutoka nyuma, jambo ambalo halikukusudiwa kamwe, na vinu vimewahi kung'olewa kofia namna hiyo. Kwa hiyo mwenye kuishi chini ya mapanga yasiyosaga bado anawajibika kwa mbao zake, boliti zake na kizuia radi chake, kama vile angekuwa anasaga. Mapanga ya Cley hayaendeshi jiwe lolote leo, lakini yakioza yanaweza kuua mtu.

Wilson aliyakubali hayo yote kwa ajili ya nyumba ya kuja kupumzika. Mwaka 1934 nyumba ilirithiwa na mjukuu wake, Hubert Blount, na ikabaki katika ukoo huo kwa miaka mingi. Mwimbaji James Blunt, ambaye vijana wanamjua, anatoka katika ukoo huo wa Blount. Mwaka 1983 ikafunguliwa kuwa nyumba ya wageni, na mpaka leo watu wanalipa kulala humo. Kuna chumba kinaitwa Chumba cha Mawe na kingine Chumba cha Gurudumu, kila kimoja kwa jina la ghorofa ya kazi iliyokuwa hapo. Nafurahi kwamba majina hayo yamebaki. Mtoto anayelala humo atauliza mawe gani, na mzazi atalazimika kumweleza.

Bahari haikukiacha kinu salama hata hivyo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 maji ya Bahari ya Kaskazini yalipanda juu ya kingo kwenye pwani yote ya mashariki ya Uingereza. Watu 307 walikufa Uingereza, na ng'ambo Uholanzi wakafa 1,836. Cley iliingiwa na maji hadi ndani ya nyumba. Desemba 2013 bahari ikaja tena, ikavunja kingo na kufunika mabwawa. Mnara ulibaki, na kila safari palikuwa na mwenye nyumba wa kukausha, kupiga simu kwa fundi, kulipia. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima. Jengo lisilo na mtu wa kulihangaikia asubuhi baada ya mafuriko halihitaji mafuriko ya pili.

Nitaje na hayo mabwawa, maana mandhari ya kinu ni nusu ya kinu. Mwaka 1926, miaka 5 tu baada ya Wilson kununua mnara, Dkt. Sydney Long na wenzake walinunua mabwawa ya Cley wakaanzisha jumuiya ya kuyahifadhi kwa ajili ya ndege, ya kwanza ya aina yake kwa mkoa wowote wa Uingereza. Ndiyo inayoitwa sasa Norfolk Wildlife Trust. Kama mabwawa yangekaushwa na kujengwa nyumba, mnara ungesimama katikati ya paa za watu na hakuna ambaye angesimamisha gari kuutazama.

Niliahidi kuwapa haki yao wanaopinga. Twendeni kusini kidogo, mpaka Clayton, kwenye vilima vya Sussex. Hapo kuna vinu viwili vilivyosimama pamoja, na watu wamevipa majina ya wale watoto wawili wa wimbo wa chekechea, Jack na Jill. Jill ni wa mbao, mwili wake wote unazunguka juu ya nguzo moja. Ulijengwa Brighton mwaka 1821, na mwaka 1852 ukakokotwa na ng'ombe na farasi kupandishwa vilimani mpaka ulipo. Jack ni mnara wa matofali wa mwaka 1866. Vyote viwili viliacha kusaga mwanzoni mwa karne ya 20. Jack ukawa makazi. Mwanajiolojia Edward Martin aliishi humo, na tangu mwaka 1953 alikuwa nao Henry Longhurst, mtangazaji maarufu wa gofu. Jill haukukaliwa hivyo. Ulichakaa, lakini mashine zake zikabaki tumboni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa kujitolea wakaanza kuufufua, na mwaka 1986 ukasaga unga tena.

Mwaka uliofuata, usiku wa ile dhoruba kuu ya Oktoba 1987, upepo uliyasukuma mapanga ya Jill yakazunguka huku breki imefungwa. Mbao ya breki ikisuguana na gurudumu inatoa moto, na ndivyo ilivyokuwa: kinu kikaanza kuwaka juu, gizani, katikati ya dhoruba. Wanachama wa jumuiya yake wakapanda kilima, wakauzima na kukiokoa. Hebu wazieni ujasiri wa kupanda ndani ya jengo la mbao linalotikisika, linalowaka, kwa ajili ya kinu ambacho hakiwaingizii hata senti.

Kwa hiyo ndiyo, Jill umebaki kinu hasa kuliko Cley, nami nakiri mbele yenu kwamba ningependa vyote vingekuwa hivyo. Lakini hesabu haikubali. Jill umepata kundi la watu wanaotoa Jumapili zao miaka nenda miaka rudi. Uingereza ilikuwa na maelfu ya vinu vya upepo, na makundi kama hilo hayatoshi hata kwa vichache vilivyobaki. Kati ya mnara uliokaliwa bila mawe na mnara wenye mawe ulioporomoka, mimi nachagua uliokaliwa. Aliyetoa mashine bila kuzipima, kuzichora na kuzipiga picha, huyo ndiye nitakayemlaumu, maana kitu kilichochorwa vizuri kinaweza kutengenezwa tena.

Na kuna wenzetu ambao hawakuwahi kulazimika kuchagua. Waholanzi. Pale Kinderdijk, karibu na Rotterdam, kuna vinu 19. Vingi vyake vilijengwa miaka ya 1738 na 1740, na kazi yake ilikuwa kuvuta maji kutoka ardhi ya chini na kuyapandisha hadi mtoni. Maji hayangoji asubuhi, kwa hiyo mtunza kinu aliishi ndani ya kinu pamoja na mke na watoto, kitanda kando ya mhimili unaozunguka. Mapanga yanapita karibu kabisa na ardhi. Ndiyo maana kinu kina milango miwili, ili upande mmoja ukipitiwa na mapanga, watu watokee upande wa pili. Pampu za kisasa zimechukua kazi, lakini familia bado zinakaa humo, na anayepewa kinu hupewa pamoja na wajibu wa kukizungusha. Mwaka 1997 UNESCO iliitia Kinderdijk katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2017 ikautambua ufundi wenyewe wa msagaji wa Kiholanzi.

Huko kinu hata husema. Kukiwa na furaha, mapanga husimamishwa panga la juu likiwa karibu kufika kileleni. Kukiwa na msiba, husimamishwa likiwa limekwisha kukipita. Julai 2014, ndege ya abiria ya MH17 ilipodunguliwa na Waholanzi wengi kufa, vinu nchini vilisimamishwa katika hali ya msiba. Hayo yanawezekana pale tu ambapo ndani ya kinu kuna mtu anayejua jinsi ya kufungua breki.

Hilo ndilo ninalowatakia walio na minara hii Norfolk. Kaeni humo, pangisheni, wekeni jiko na bafu. Lakini kofia iachwe igeuke, hata mara chache kwa mwaka. Gurudumu la juu likiwapo lisiondolewe, lipakwe mafuta. Na kila mwenye kununua mnara akabidhiwe kitabu cha mnara pamoja na ufunguo: nani alitengeneza nini, mwaka gani, kwa mbao gani.

Mtakaokwenda Cley wiki hii, njia ya miguu ya pwani inapita chini ya mnara wenyewe, hamhitaji kulala hapo ili mkione. Simameni upande wa mabwawa. Tazameni roshani ya mbao inayouzunguka mnara. Hapo ndipo msagaji aliposimama kuvuta mnyororo wa mapanga, kwa kuwa kutoka chini asingeufikia. Kisha inueni macho mtazame pangaboi la nyuma, mlinganishe na upepo mnaousikia usoni. Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali, tuanze na mama aliyeinua mkono pale mbele.